Salamu ya Mlangoni

Nikifumba macho nauona kwanza mtama. Umeinamisha vichwa vyake vyekundu, umelizunguka kanisa pande tatu, na upepo wa baridi wa mwezi wa sita unapita ndani yake bila haraka. Hakuna mtu. Halafu sauti za kwaya zinaingia, mtoto wangu analia mgongoni, ndipo najua kwamba ni Jumapili ile.

Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, mwembamba, mwenye kiburi cha kuimba kuliko wenzangu. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka uliotangulia. Nyumba zilipangwa mistari, kila moja ikitazama kisogo cha nyingine, na sisi tuliozoea kukaa mbalimbali, kila kaya na zizi lake, sasa tulisikiana hata kukohoa. Kanisa tulilijenga kwa mabaki ya nyumba tulizovunjiwa huko tulikotoka. Nguzo hii ya fulani, boriti ile ya fulani. Mlango ulikuwa wa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea.

Ulikuwa mlango wa mninga. Aliuchonga mwenyewe alipokuwa kijana anayetaka kuoa, na mbao alizifuata mbali, misitu ya Mitundu. Siku nyumba yake ilipovunjwa alikuwa malishoni na ng'ombe. Aliporudi alikuta mlango umeshachukuliwa, na hakuna aliyemwomba. Mama yangu, aliyekuwa kwenye kamati ya ujenzi, alisema mlango umepanda cheo, na wote tukacheka. Nilicheka na mimi.  Kila Jumapili baba mkubwa alikuja, akaupapasa kwa kiganja, kisha akakaa nje mpaka ibada iishe.

Kijijini alipewa kazi ya ulinzi wa shamba la pamoja, yeye na wanaume wengine. Nguruwe mwitu walikuwa wengi, na walinzi walikuja kanisani moja kwa moja kutoka shambani na magobore yao. Desturi yetu ilikuwa kutoingia na silaha katika nyumba ya Mungu, kwa hiyo waliyaegemeza ukutani kando ya mlango, yakiwa yameshashindiliwa baruti, maana nguruwe hawajui Jumapili. Tuliona ndiyo heshima yenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba tunaacha bunduki tano tayari kwa mtu yeyote apitaye.

Siku ile mtoto alikataa kunyamaza, nikatoka naye wakati wa sala. Jua lilikuwa jepesi. Nilitembea taratibu kando ya ukuta nikimbembeleza, na usingizi wake ukawa unaniingia na mimi, kila kitu kikaja polepole, kama mtu aonavyo akiwa na homa. Baba mkubwa alikuwa anayasogeza magobore karibu na kizingiti, moja moja. Nilidhani anayaondoa juani.

Nikapiga goti kidogo, kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Akasimama. Hakuwa mtu wa kuipuuza salamu. "Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, baba. Usingizi tu unamsumbua."

"Mama yako yumo ndani?"

"Yumo. Amekaa mbele."

Akanyamaza. Nakikumbuka kimya kile kuliko yote yaliyofuata. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, na mtama ulikuwa unatikisika nyuma yake. Gobore moja lilikuwa mkononi. Swali lilinifika kwenye ulimi: haya unayapeleka wapi? Lakini kwetu mtoto hamwulizi mkubwa aendako wala afanyalo. Mkubwa ndiye anayeuliza. Nikatazama chini.

"Haya," akasema. "Mpeleke mtoto nyumbani akalale."

Nikatii. Nilikuwa nimefika nyumba ya tatu niliposikia mlio wa kwanza, na naapa kwamba nilifurahi, nikasema moyoni kwamba nguruwe mmoja amepatikana. Hata kanisani, walionusurika walisema, watu wa mbele hawakufumbua macho. Mlio wa gobore kijijini kwetu ulikuwa na maana moja tu, na sala ikaendelea. Mlio wa pili ndio ulioikata. Nilirudi mbio na mtoto akinigonga mgongoni, nikakutana na watu wanaotoka kupitia madirishani.

Wanne hawakuinuka. Mama yangu alikuwa mmoja wao, bado amepiga magoti, paji la uso kwenye benchi. Baba mkubwa aliketi kizingitini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wake, bunduki tupu zimelala kando. Hakukimbia. Landirova ilikuja kutoka Singida ikamchukua, na sikumwona tena. Nimemchukia miaka mingi, na miaka mingine nimemlilia, na nimechoka na watu wanaotaka nichague moja.

Hili la salamu sikumwambia mtu. Mume wangu alikufa bila kulijua. Nikichambua mlenda uani, mikono ikifanya kazi yenyewe, narudi pale ukutani, na yeye bado amenyamaza. Kimya kile kilikuwa cha nini? Labda alikuwa ananisubiri niseme: ngoja nimwite mama atoke nje anipokee mtoto. Labda alitaka tu kujua amtafute wapi, nami nikamwelekeza, kwa adabu zote.

Wajukuu zangu nimewafundisha shikamoo, na wanaitoa vizuri. Lakini nimewafundisha na kuuliza. Mkubwa akipita amebeba kitu, wanamwamkia, kisha wanamtazama usoni: "Unakwenda wapi na hicho, babu?" Majirani wanakasirika. Wanasema bibi huyu amelea watoto wasio na adabu.

Juzi mzee mmoja, mkubwa wangu kwa miaka mingi, alikuja mwenyewe kunishtaki, shoka begani. Nilimwamkia. Nikampa kigoda, nikamsikiliza mpaka akamaliza yote, nikamwomba radhi kwa niaba ya watoto. Kisha nikamwuliza shoka ni la nini.