Flavia Anapiga Pasi Shati la Askari Aliyemuua Mumewe

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Mtendeni mjini Tabora, Flavia Masolwa anapuliza makaa ndani ya pasi. Mgongoni amelala Bernadeta, mwanawe wa miezi saba. Mezani kuna mashati ya kaki yaliyotiwa uji wa muhogo ili yakakamae. Anachukua moja, anageuza ukosi, anaitazama namba ya askari iliyoandikwa kwa wino.

"Ndilo hili," anasema. "La yule aliyemuua baba yake huyu."

Kisha analipiga pasi.

Flavia ni mfuaji wa nguo za askari wa kambi ya mjini, na shati hilo humfikia kila wiki.

"Nikilikataa hili, nitanyang'anywa yote," anasema. "Kwa mwezi napata shilingi kumi na tano. Zikikatika, mtoto atakula nini?"

Mumewe, Raymundi, alikuwa mrina asali katika misitu ya Usinge. Mwaka jana askari waliokuwa mazoezini waliikuta mizinga yake ya magogo imening'inia mtini. Wakaanza kushindana shabaha, nani ataitoboa asali ichuruzike. Raymundi alikuwa juu ya mti huohuo, nyuma ya mzinga.

"Alipiga kelele," anasema Flavia. "Warina wenzake walimsikia kutoka mbali. Risasi iliyompata ni ya pili, baada ya kelele."

Ya pili!

Kesi ilisikilizwa kambini, na maofisa wa kikosi kilekile. Flavia hakuitwa. Alipokwenda kwenye baraza la mtemi, aliambiwa halina uwezo juu ya askari. Muda si mrefu yule kijana aliyefyatua alirudi kazini, na nguo zake zikarudi kapuni kwa Flavia.

"Si umchome kifuani, hata kidogo tu!" anachokoza Tekla, jirani yake, akipita na ndoo.

"Wee Tekla, shati lina kosa gani? Nilitoboe, kisha nilipe mimi?"

Wanacheka. Tekla anaendelea na safari yake ya maji.

Juzi, kwenye kibaraza cha duka la Velji, mtu mmoja alikuwa akiwasomea wenzake gazeti kwa sauti: huko Japani, wakubwa wa jeshi wamesimamishwa mbele ya majaji wa mataifa mengi kwa makosa ya vita kuu iliyokwisha.

"Nilishtuka," anasema Flavia. "Kumbe inawezekana! Mwanajeshi ahukumiwe na watu wasiokula naye sahani moja?"

Mdogo wake, Silasi, aliyekuja kumsalimu asubuhi hii, naye ni askari wa kambi hiyohiyo, na hakubaliani naye.

"Dada, hao walishindwa vitani. Askari wa upande ulioshinda, nani atamgusa? Tena majaji wa ng'ambo watajua nini taabu ya vita?"

"Vita gani, mdogo wangu? Shemeji yako alikuwa anarina asali."

Mwezi ujao wajumbe wa Umoja wa Mataifa, wanaokagua jinsi nchi inavyotawaliwa, wanatarajiwa Tabora kuwasikiliza wananchi. Flavia amepania kusimama mbele yao, hata ikimgharimu kazi. Ombi lake ni moja: askari akimuua raia, asihukumiwe na wenzake wa kambini, hata ikibidi majaji watoke nchi nyingine.

Silasi anafunga mkanda, tayari kurudi kambini. Mlangoni anageuka.

"Na kama ningekuwa mimi niliyefyatua?"

Flavia anaiweka pasi chini.

"Ningekulilia, mdogo wangu. Ningekupikia chakula cha njiani. Kisha ningekushika mkono mpaka mbele ya hao majaji."