Honi ya Namungo na Mwanga wa Elektroni

Niliondoka Nachingwea kwa sababu shemeji yangu Saidi, kaka wa mke wangu, alinipigia simu: "Njoo Likunja utueleze hiyo eksirei yako. Asipoelewa hata mtu mmoja, usiitaje tena kwetu." Nikakubali. Ninatengeneza redio, na habari hizo nimejisomea peke yangu. Sijawahi kupata wa kuzungumza naye.

Njiani, pikipiki ikipita kati ya mikorosho, nilipanga maneno. Plazma ni gesi ambayo elektroni zimeachana na atomi zake. Ukirusha ndani yake kundi la elektroni zenye kasi kubwa, linazitawanya elektroni nyepesi za gesi. Chembe nzito, zenye chaji chanya, zinabaki. Elektroni zinazofuata nyuma huvutwa nazo katikati, hupitiliza, huvutwa tena. Katika kuyumba huko hutoa eksirei kali, mwanga usioonekana, unaoelekea mbele kama wa tochi. Niliyasema kwa sauti. Hata mimi nilichoka.

Kijijini Namungo nilikuta mechi imeisha, wenyeji wameshinda. Gari la wachezaji lilipasua umati, nami nikaingia nyuma yake kabla njia haijajifunga. Nikienda kushoto, mashabiki wananisukuma katikati. Nikipitiliza kulia, wananirudisha. Kila nikiyumba nilipiga honi, wakanishangilia. Nikacheka peke yangu: mfano nimeupata!

Likunja, jioni, niliwasimulia Saidi na nduguze hayo yote uani, ya elektroni na ya honi. Mama mkwe alikaa ndani ya mlango wa jiko, ametupa mgongo. Kwa heshima ya ukwe, tangu nimuoe binti yake huzungumza nami kupitia mtu.

"Shemeji," Saidi alisema, "umetoka Nachingwea kutuletea matokeo ya mpira?"

Wote wakacheka. Nikaona safari imeharibika.

"Saidi," sauti ikatoka jikoni, "muulize mgeni. Barabara ikiwa tupu, si atanyoosha tu? Honi ya nini?"

"Hakuna honi, mama," nilijibu.

"Basi na huo mwanga hakuna."

"Hakuna kabisa!"

Akageuka. "Na watu wakizidi kubanana, mkwe, honi si zinazidi?"

"Zinazidi, mama!"

Alikuwa ameniuliza mimi, uso kwa uso. Akajifunika mdomo kwa khanga, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Haya," Saidi akasema, "itaje tu hiyo eksirei yako."

Kesho yake nilirudi. Nimejifunza kwamba somo halikuwa gumu. Nilikuwa nimekaa nalo peke yangu mno. Namungo barabara ilikuwa tupu, imenyooka. Nikapiga honi hivyo hivyo.