Msala wa Mbele

Juzi binti yangu alikuwa akitazama filamu ya Kimarekani. Mtu mmoja akasema "he's pissed", nikasikia tena harufu ya kahawa yenye iliki ya alasiri moja ya zamani, sebuleni kwetu, mtaa wa Ghubra.

Alasiri ile aliyesema hivyo ni binamu yangu aliyekulia Marekani, akitoka chumbani kwa baba. Kwao Marekani, maana yake mtu huyo kakasirika, na kweli baba alikuwa na hasira. Lakini ami, mdogo wake baba, alisomea Uingereza, na kule mtu huyo kalewa. Ami aliweka kikombe chini.

Ikaadhiniwa. Baba akatoka, uso ukichuruzika maji ya udhu, akaelekea msala wa mbele, wa kusalishia, kama kawaida yake akiwa mkubwa wa nyumba. Ami akamzuia kwa mkono.

"Leo nnasalisha mimi, kaka. Wewe kaa nyuma."

Nilifurahi, nilidhani ami kapewa heshima ya mgeni. Baba alisimama kando yangu, nikazisikia pumzi zake nzito.

Baada ya sala, ami alipotaja ulevi, binamu alimweleza kwamba alimaanisha hasira tu. Ami akambusu baba kichwani, akamwomba radhi.

"Yamekwisha," baba akasema.

Magharibi ami alimwachia msala wa mbele. Baba alivaa makubadhi yake, akaenda kusali msikitini.