Askari Kumi na Wawili wa Fundi Meno

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Meno alitengeneza meno ya watu asiowajua. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya kliniki, ukishuka ngazi tisa, na dirisha lake pekee lilikuwa usawa wa barabara, kwa hiyo alichokiona cha dunia ni viatu. Daktari wa juu alimshushia vipimo vya vinywa. Yeye akamwaga plasta, akapanga meno juu ya nta, akachanganya pinki ya ufizi mpaka ikafanana na ya mwenyewe, akang'arisha, akapandisha. Mgonjwa akitabasamu mbele ya kioo huko juu, anayeshukuriwa ni daktari. Hilo halikumuuma. Kilichombana kilikuwa nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na baba yake. Mzee alikuwa mwalimu mkuu maisha yake yote, na hata baada ya kiharusi kumchukua upande wa kulia, ualimu mkuu haukumtoka. Akihitaji kitu aligonga ukuta kwa fimbo: mara moja maji, mara mbili choo, mara tatu njoo tu. Hizo za njoo tu ndizo zilizokuwa nyingi. Mama wa kazi aliyemwangalia asubuhi aliondoka saa nane kamili, na kabla ya saa nane Fundi alitakiwa awe mlangoni.

Hakuna aliyemlazimisha. Miaka sita nyuma ndugu walikaa kikao, wakaumauma maneno, mwishowe dada yake akasema, "Sisi tuna watoto wa kusomesha. Wewe mdogo wetu huna mume, huna mtoto. Unabanwa na nini?" Fundi hakujibu, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo. Tangu siku hiyo saa tisa ya mchana haikuwahi kumkuta nje ya nyumba ile, isipokuwa kwa misiba miwili, na aibu yake ni kwamba misiba yenyewe aliifurahia kidogo.

Siku moja asubuhi, Mzee wa Miwani alishuka zile ngazi tisa. Alikuwa mjane mwenye duka la miwani upande wa pili wa barabara. Fundi alimfahamu kwa viatu vyake vya kahawia. Mkononi alishika kiberiti.

"Fundi, sijaleta jino," alisema. "Nimeleta majeruhi."

Ndani ya kiberiti, juu ya pamba, alilala askari asiyezidi urefu wa kidole gumba, na mkono wake uliovunjika ukiwa kando yake. Fundi alimweka chini ya lenzi. Alitoboa bega kwa keekee ya kutobolea meno, akatoboa na mkono, akaunganisha kwa kipande cha waya na tone la gundi. Dakika kumi hazikufika.

"Ni wa mjukuu?"

"Ni wangu. Nina mia mbili na ushei." Mzee aliona jinsi alivyotazamwa, akacheka. "Ni mchezo wa vita wa mezani. Kila mtu ana jeshi lake. Unapima hatua kwa futi kamba, unarusha dadu ujue nani kapiga na nani kakosa. Akili na bahati wamefunga ndoa humo, na ndoa yenyewe haina amani."

Kesho yake alirudi na askari kumi na wawili wa plastiki ya kijivu, bado wako kwenye fremu zao, viungo havijaunganishwa. "Anza na hawa. Wakate, wagandishe, wapake rangi. Wakiwa tayari, njoo tupigane."

Fundi aliwapeleka nyumbani ndani ya mfuko wa kliniki. Mzee wake alilala kila siku kati ya saa tisa na saa kumi, na saa hiyo moja ikawa yake. Alitandika gazeti kwenye meza ya chakula, akatoa brashi anazopakia ufizi, akaanza. Watatu wa kwanza walitoka kama watu waliotumbukia kwenye ndoo ya rangi. Pua hazionekani, macho hayaonekani, vidole vimekuwa ngumi. Akampelekea Mzee wa Miwani mmoja wao.

"Huyu umemzika akiwa hai," alisema Mzee wa Miwani. "Punguza rangi kwa maji. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene."

Fundi aliona haya, maana hayo ndiyo aliyoyafanya kila siku kwenye ufizi wa watu. Aliwasugua wote watatu kwa mswaki wa zamani, akaanza upya. Wa nne alipata nyusi. Wa saba alipata macho mawili yanayotazama upande mmoja, jambo ambalo lilimchukua siku nne. Mara nyingine fimbo iligonga ukuta brashi ikiwa hewani, akaiacha kwenye glasi ya maji akaenda, na akirudi rangi imeshakauka kwenye kisahani.

Alasiri moja alikuwa amesahau saa. Aligeuka akamkuta baba yake nyuma yake kwenye kiti cha magurudumu, kimya, kajisukuma kwa mguu mmoja.

"Nini?" alisema mzee. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo.

"Askari, baba."

"Wa nani?"

"Wangu."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja kama anayekagua mstari wa asubuhi. "Tatu."

"Tatu juu ya kumi?"

"Juu ya mia."

Jumapili kaka mkubwa alipiga simu kama kawaida yake. "Baba ananiambia unacheza midoli. Umerudi utotoni?"

"Sijarudi popote, kaka. Niko hapa hapa."

Askari wa kumi na mbili alipokauka, Fundi alimwomba dada yake aje Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Alisema ana shughuli. Dada alidhani ni mchumba, akakubali upesi.

Nyuma ya duka la miwani kulikuwa na meza kubwa iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Vilima vilichongwa kwa povu la godoro, mto ulikuwa utepe wa buluu, na juu ya mto daraja la vijiti. Fundi alipewa kazi ya kulilinda daraja. Mzee wa Miwani alimfundisha huku wanacheza: huyu anatembea inchi sita, aliyejificha nyuma ya ukuta hupigwa kwa shida, na kikosi kikipoteza nusu ya watu lazima kirushe dadu ya moyo, ama kisimame ama kikimbie. Mwanzoni Fundi aliwasogeza askari wake kwa woga, kama anayeomba ruhusa. Raundi ya pili akapeleka wanne wavuke mto kwa siri, wakamtokea mzee ubavuni.

"Nani kakufundisha hila hiyo?"

"Nimeishi na mwalimu mkuu," alisema Fundi, na wote wawili wakacheka.

Raundi ya tatu simu iliita. "Nimepata dharura, natoka," alisema dada yake. "Baba bado amelala. Fanya haraka."

Ilikuwa saa kumi na robo. Fundi alikuwa ameshika futi kamba iliyofunguliwa. Aliikunja, akavaa sweta yake. "Meza haiendi popote," alisema Mzee wa Miwani, akaifunika kwa shuka.

Wakaanza kumalizia vita kwa simu. Kila siku saa tisa na nusu Mzee wa Miwani alipiga, akamweleza nani yuko wapi, naye Fundi, mbele ya karatasi aliyochora mto na daraja, akatoa amri kwa sauti ya chini kwenye kibaraza cha nyuma. "Wa darajani usiwaguse. Choma ghala kwanza, halafu wamalize wale watatu." Jirani aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta aliingia ndani na ndoo yake, na kwa wiki mbili salamu zake zilikuwa fupi.

Siku ya nne kikosi cha Fundi kilibaki na watu watano. "Nakurushia dadu ya moyo," alisema mzee. Dadu ikasikika ikianguka. "Pole, Fundi. Wamekimbia."

Fundi alibaki ameshika simu. Kushindwa hakukumkera. Kilichomkera ni kwamba watu wake wamekimbia na yeye hakuwaona. Hasira ilimpanda taratibu, kitu asichokizoea, na jioni ile ile akawapigia simu ndugu zake wote wawili, akawaambia kwamba Jumapili anawataka nyumbani.

Walikuja wakidhani mzee kazidiwa. Fundi aliwakalisha mezani, baba yao akiwa papo hapo.

"Nataka Jumamosi moja kila mwezi," alisema. "Saa nane mpaka saa kumi na mbili. Na simu yangu itakuwa imezimwa."

"Kwa ajili ya midoli?" aliuliza kaka.

"Hata kama ni kwa ajili ya kuhesabu nzi ukutani, kaka. Saa zangu nne ni zangu."

Dada alitazama kucha zake. Kaka akamgeukia mzee, kama anayepeleka kesi kwa hakimu. "Baba, wewe unasemaje?"

Mzee alihangaika kulitoa neno. "Asiende," alisema.

Fundi alitarajia ukali, lakini alipomtazama aliona jicho lake la upande mzima likimtafuta, na mkono wa kushoto umeng'ang'ania ukingo wa meza. Alikuwa anaogopa. Mwalimu mkuu aliyesimamisha shule nzima kwa kikohozi aliogopa saa nne. Hapo Fundi angeweza kusamehe kila kitu na kubaki, na alijua kuwa akibaki siku hiyo hatatoka tena.

"Baba, nitakwenda," alisema. "Na nitarudi."

Jumamosi ya kwanza alikwenda. Aliporudi alimkuta dada yake kavimba uso na sahani ya chakula haijaguswa: mzee alifumba mdomo mchana kutwa. Fundi alinawa mikono, akapasha chakula, akamlisha kijiko kwa kijiko. Mwezi wa pili mzee alifumba mdomo tena. Wa tatu alikula nusu, kisha akamwambia dada chumvi imezidi.

Mpaka leo mambo yako hivyo. Dada huja amechelewa, mara saa nzima, mara saa mbili nzima, na Fundi humsubiri amesimama sebuleni, viatu mguuni na sanduku la askari kwapani. Wamefika thelathini sasa. Mara nyingi anayapata masaa mawili tu, na mchezo hauishi. Mzee wa Miwani humwambia waifunike meza wamalizie mwezi ujao, yeye hukataa, hataki kuwaacha watu wake tena. Huwakusanya askari wake, humlaza kila mmoja kwenye pamba, na kusema mwezi ujao wataanza mwanzo.