Kikombe Kilichotikiswa

Juzi, katika mkahawa mmoja wa Wandegeya, nilimwona mzee wa Kisudani akitikisa kikombe chake cha kahawa, na mhudumu akaondoa birika. Nikakumbuka sebule yetu ya utotoni kule Mbuya, ikinukia iliki.

Baba, mwanadiplomasia, alikuwa amerudi kutoka Khartoum na mgeni. Mgeni alitikisa kikombe. Nikadhani anataka zaidi, nikamimina. Akatikisa tena, nikamimina tena, naye akanywa kwa adabu huku jasho likimtoka.

“Mwanangu, akitikisa ametosheka. Si nilikuandikia?”

“Barua haikufika, baba.”

Akamwomba mgeni radhi, akailaumu posta. Barua zake zote zilikuwa chini ya godoro langu, sijazifungua, kwa hasira ya kuachwa.

Nilizifungua baada ya kumzika. Katika moja alikuwa amenichorea kikombe, na mkono mdogo ukikitikisa.