Afande alinilazimisha nimtafsirie mama yangu kituoni

Wakuu, habari zenu. Hii haina chumvi hata kidogo. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama yangu ni mjane wa miaka sitini na kitu, analima waru, yaani viazi, huku Kibirichia, Meru. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, bei na salamu.

Mwaka jana, mchana kweupe, kibarua aliyekuwa anatuchimbia waru alimbaka hapo shambani.

Jirani alinipigia simu. Nikamchukua mama mpaka kituo cha polisi.

Afande wa kaunta hakujua Kimeru. Nyuma yetu kuna foleni, wengine ni watu wa kanisa letu.

"Wewe kijana, tafsiri. Muulize kama alipiga nduru."

Nikamwambia, "Afande, huyu ni mama yangu mzazi."

"Kwani nani mwingine atatafsiri? Ama mrudi nyumbani."

Wakuu, kuna maneno mama hawezi kumwambia kijana wake. Nikamuuliza. Akaangalia chini, akasema alisukumwa akaanguka. Basi. Hiyo ndiyo ikaandikwa kwa statement, mama akaweka alama ya kidole.

Tukitoka, askari wa kike akatokea ofisi ya nyuma, akamsalimia mama kwa Kimeru safi.

KIMERU! Alikuwa hapo wakati wote na hakuna mtu alimuita!

Alimshika mkono, akamuingiza ndani, akafunga mlango. Walikaa karibu saa nzima, akamwandikia statement ingine. Mama alitoka akilia, mara ya kwanza siku hiyo. Huyo madam ndiye alitupeleka hospitali, na ndiye alimshika huyo mnyama.

Sasa tuko kortini. Siku yangu ya ushahidi, wakili wa huyo mnyama akainua ile statement ya kwanza.

"Ni wewe ulitafsiri? Mama alisema alisukumwa tu. Hii ingine ilitoka wapi?"

Nikaanza kujitetea hapo mbele kama mwizi.

Nilichojifunza: usikubali kumtafsiria mzazi wako, hata afande akipiga meza. Itisha chumba cha faragha, itisha askari wa kike anayejua lugha. Wakikataa, enda hospitali kwanza, na mzazi asioge, ushahidi usipotee. Na nyinyi wakubwa wa polisi, hii si mambo ya kungoja bajeti. Ni adabu tu!

Mwezi ujao ni zamu ya mama. Amesema ataenda, lakini ameniomba nisiingie. Nitangoja nje.

Waliopitia haya, andikeni hapa chini. Mlifanyaje?