Pascaline na sikio lake la kushoto

Saa tatu asubuhi, katika duka moja la vyombo vya umeme mjini Mbarara, Pascaline Nabintu anagonga spika kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Anatega sikio. Anahamia ya pili, anagonga tena. Ya tatu anairudisha mezani.

Muuzaji, Sulaiman, anamsogezea kartoni nyingine. Ina picha ya simba anayenguruma, na chini yake maandishi ya rangi ya dhahabu: wati elfu tano.

"Wati elfu tano ni ya kusagisha mahindi," Pascaline anamwambia. Anachomoa spika moja na kuipima uzito kiganjani. "Hii iko mwepesi. Sumaku yake ni kama ya redio ya mukono. Unataka kuniuzisha simba."

Sulaiman anacheka. Wamefahamiana miaka sita. "Wewe nasumbua sana, nyabo," anasema, nyabo ikiwa ni "mama" kwa watu wa huku, na kuingia stoo kutafuta seti nyingine.

Pascaline ana umri wa miaka 38. Ni mkimbizi kutoka Kamanyola, Kivu Kusini, na anaishi kijiji cha New Congo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale pamoja na mumewe Nestor, mkulima wa mahindi, na watoto wao wanne. Kazi yake ni kuwachagulia watu seti za sinema ya nyumbani na kuwafungia: spika tano za kuzunguka chumba, woofa la mlio mzito, deki na waya.

Kwa mwezi hupata kazi mbili au tatu. Kila moja humwachia kati ya shilingi elfu hamsini na themanini za Uganda, nauli ikishatoka.

Hachagui kwa kusoma kartoni. Kwanza huuliza chumba kina ukubwa gani, paa ni la bati au la vigae, na kochi linakaa wapi. Chumba kidogo chenye bati hakitaki woofa kubwa, anasema, kwa sababu bati nalo litaanza kuimba. Kisha huweka kanda ya mtu anayehubiri, si muziki.

"Muziki inaficha makosa mingi," anasema. "Mutu akisema, pale ndiyo utajua kama bafle ni mugonjwa ao ni muzima." Bafle ndiyo spika kwa Wakongo.

Sulaiman anarudi na seti ya maboksi ya mbao. Pascaline anaiunganisha, anaiwasha, kisha anamgeukia mteja aliyekuja naye, mwalimu wa mtaa wa Nyamityobora, na kumwomba asimame katikati.

"Uniambie upande gani iko na nguvu," anamwambia. "Sikio yangu ya kushoto haisikie muzuri."

Mwalimu anasimama. Sulaiman anaanza kukata waya. Miezi minne iliyopita, Pascaline asingeweza kutamka sentensi hiyo hata mbele ya mama yake mzazi.

Ufundi aliupata kwa baba yake, Appolinaire, aliyetengeneza redio sokoni Kamanyola. Akiwa na miaka kumi, Pascaline alikuwa tayari anashika lehemu. Vita vilipowatoa kwao, baba alibaki njiani kwa maradhi, naye Pascaline akaingia Uganda mwaka 2003 na bisibisi mbili zilizofungwa kwenye kitenge.

Nakivale alianza na redio za majirani, akaendelea na vipaza sauti vya makanisa. Baadaye watu wa Mbarara wakaanza kununua seti za sinema, na nyingi zilikuwa zikinguruma bila kueleweka mtu kasema nini. Mhubiri mmoja wa Biharwe akamsifia masikio yake, na simu zikaanza kuja.

Ndiyo maana aliogopa sana sikio lilipoanza kumtoka usaha, mwaka 2011.

Alilitibu kwa mafuta ya moto na majani. Usaha ulikauka, ukarudi, ukakauka tena. Mwanzoni mwa mwaka huu aliweka simu kwenye sikio la kushoto, akadhani imekatika. Akaihamishia kulia. Mteja alikuwa bado anaongea.

"Nilikaa chini. Nikajisemea, kazi imeisha," anasimulia. "Mutu akikosa mukono, batu banaona, banamuhurumia. Sikio haionekane. Batasema tu fundi ameharibika."

Hakumwambia mtu. Nestor alijua mwenyewe, kwa kuwa kila walipotembea pamoja mkewe alimzunguka ili mume abaki upande wa sikio lake zima. Naye hakusema kitu.

Kuchagua spika hakukumshinda. Alizisikiliza moja moja kwa sikio zima. Shida ilikuwa kuzipatanisha zikishafungwa, maana spika za kushoto na za kulia zinatakiwa zimfikie aliyekaa kwenye kochi kwa nguvu sawa. Alibuni njia. Alisikiliza akiwa ametazama televisheni, kisha akaipa mgongo na kusikiliza tena, ili sikio zima lipate pande zote mbili. Ilihitaji muda, na ilihitaji asitazamwe. Kila alipomaliza kazi, alikaa wiki nzima akisubiri simu ya malalamiko.

Mwezi wa sita ikaja simu ya Robinah, mke wa sajenti anayeishi katika kambi ya jeshi nje ya mji. Mumewe, Ahimbisibwe, alikuwa amerudi kutoka kazini Somalia. Alitaka seti ya kutazamia filamu na mpira, na alitaka iwe nzuri.

Pascaline alitamani kukataa. Kambini hakuwahi kuingia. Tangu Kamanyola, hakuwahi kukaa chumba kimoja na mwanajeshi kwa hiari yake. Lakini mahindi ya msimu ule yalikuwa yameungua kwa jua, na watoto walikuwa wanarudi shule.

Getini walimkagua mfuko, wakatoa bisibisi zote na kuziangalia moja moja. 

Alidhani atafanya kazi peke yake. Alikuta sebule imejaa. Walikuwapo majirani wanne, watoto wasiohesabika, na sajenti mwenyewe, kwenye kochi. Alizifunga spika, akapitisha waya chini ya zulia. Ukafika wakati wa kupatanisha.

"Batu bote bananiangalia. Nitageuka namna gani? Wataniuliza, huyu mama anatafuta nini nyuma?"

Hakugeuka. Alisimama mbele ya televisheni, rimoti mkononi, akaongeza spika za kushoto kidogo kidogo mpaka alipoona zimelingana na za kulia. Alipomaliza alijua moyoni kwamba zimelingana kwake yeye tu.

Robinah aliketi kusikiliza. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Huku napiga kelele mingi," alisema, akionyesha kushoto. "Huku kidogo. Nyabo, hii si sawa."

Majirani wakatazamana. Mmoja akasema kwa Kinyankore kitu ambacho Pascaline hakukielewa, na wengine wakacheka. Alinyanyua rimoti, lakini hakujua abonyeze mara ngapi. Angepunguza kiasi gani, na angejuaje pa kuishia?

"Wacha," sajenti akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu fundi aingie.

"Lakini Baba Babra, haiko sawa," mkewe akamwambia.

"Mimi nasikia sawa. Tangu narudi, leo ndiyo nasikia pande mbili."

Ahimbisibwe akamgeukia Pascaline, akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ni sikio gani?"

Pascaline anasema alitaka kudanganya, ila uongo haukuja. "Ya kushoto, afande."

"Mimi pia. Mizinga. Wewe?"

"Usaha."

Robinah alimwomba Pascaline akae, akaleta chai, na wote watatu wakapanga upya. Sajenti alihamia pembe ya kochi iliyo karibu na spika ya kushoto, kisha Robinah, mwenye masikio mazima, akakaa katikati na kusema wapi pa kupunguza. Pascaline alibonyeza. Wakapata kiasi ambacho mume na mke wote wawili waliweza kuvumilia.

Alipokuwa anatoka, Ahimbisibwe alimpa jina la daktari katika hospitali moja mjini aliyewahi kumpima yeye mwenyewe. "Usikae nayo nyumbani," alimwambia. "Mimi nilikaa. Sasa haiwezi rudi."

Ilimchukua wiki tatu kupata ujasiri wa kwenda. Daktari alimwambia ngoma ya sikio ina tundu, na kwamba inaweza kuzibwa kwa upasuaji. Huenda usikivu ukarudi, huenda usirudi. Amepangiwa tarehe 14 Oktoba.

Tangu hapo huwaambia wateja wote kabla hawajamtumia nauli. Wawili wameahirisha na hawajapiga tena. Mmoja alisema wazi kwamba anatafuta fundi mzima. Wengine, kama mwalimu huyu wa Nyamityobora, wanakubali kusimama katikati na kumwambia wanachosikia.

Sasa ana mpango wa chumba. Nestor amekwisha kufyatua matofali mia tatu. Utakuwa ukumbi mdogo pale New Congo, wenye kochi moja na seti tatu tofauti, ili mtu asikie kwa masikio yake kabla hajapanda gari kwenda Mbarara kununua kartoni yenye picha ya simba. Anataka kuezeka kabla ya Krismasi.

Aliulizwa kama jina lake lifichwe katika habari hii. Alikataa.

"Uandike yote. Mwenye ataniacha, aniache sasa, mbele ya kupasuliwa. Nisirudi hospitali na kukuta habari mbili mbaya."

Na upasuaji usiposaidia?

Alikunja waya uliobaki, akautia mfukoni.

"Chumba nitajenga tu. Niko na sikio moya, inatosha kuanzisha," alisema. "Lakini ninaogopa. Andika na hiyo."